Sauti Yako Kinywani mwa Tabitha

Dada Minza,

Shikamoo. Ipokee haraka, maana nina hasira na sitaki ipoe kabla sijamaliza kuandika. Wengine wakiwaandikia marehemu wao huanza na machozi. Mimi machozi niliyamaliza siku ile tunakuzika kule Kisesa, na mengine yalikuwa ya ghadhabu tupu, wala sikujua yapi ni yapi.

Juzi kwaya yetu imefanya jubilei. Ndiyo, kwaya ile ile iliyokuvua sare. Wageni walitoka Magu, Geita, Nansio, ng'ombe wakachinjwa, maturubai yakajaa uwanja wa kanisa. Kilichotokea pale nitakueleza. Lakini Kabula wako ameniambia, "Mama mdogo, andika yote, nitamsomea mama kaburini kwa sauti, na mjomba Shija awepo asikie." Kwa hiyo nitasema hata yale unayoyajua. Wewe vumilia tu. Kuvumilia ndiyo kazi uliyoizoea.

Mimi ndiye Pendo, sauti ya pili. Hilo nawaambia wao, si wewe. Ulinikuta mazoezini nikiwa binti mwembamba, naimba puani. Ukanivuta nyuma ya kanisa, ukaniwekea kiganja tumboni, ukasema, "Toa huku, mdogo wangu. Puani ni pa mafua." Ulikuwa na mfuko wako wa michembe, kila siku michembe. Mwalimu wa kwaya alikukataza, eti viazi vikavu vinakwaruza koo, na wewe unatafuna huku unamtazama usoni. Ulisema mtu akiimba na njaa, watu watasikia njaa, hawatasikia neno. Tulicheka mpaka akatufukuza sote wawili.

Na sauti yako, jamani. Nzito, yenye mchanga kidogo chini yake. Haikutoka kanisani ile. Ilitoka kwa bibi yako, kwenye shamba la pamba, wanawake wamejipanga mstari na majembe na mmoja anatangulia kwa wimbo. Neno moja ulikuwa unalivuta, unalikunja, halafu unaliachia mahali ambapo mtu hajajiandaa. Mwalimu akilalamika, "Minza, nota haiko hivyo," wewe ukamjibu, "Mwalimu, aliyeiandika alikuwa ameshiba." Mayo! Besi wote walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko.

Ndipo tukapanda basi kwenda Dar kurekodi. Wimbo wetu ule wa "Miguu Imechoka", wewe unaanzisha, sisi tunaitikia, na mimi naja chini yako kidogo kukushika. Fundi wa studio alikuwa anakuambia, "Mama, rudi nyuma. Rudi tena." Ukarudi, ukarudi, hadi ukawa unaimba umeegemea mlango, umevua viatu, na bado sauti yako ilikuwa imejaa chumba kile chote. Sote tuliokuwamo tulijua tumepata kitu. Hakuna aliyejua kwamba mle ndani mlikuwa na mtu mwingine, yule Kabula wako, tumboni.

Tuliporudi Mwanza tumbo likaanza kuonekana. Hukuwa na ndoa. Basi, Jumapili moja jina lako likasomwa mbele ya watu wote baada ya matangazo ya harusi: umetengwa. Sare uirudishe. Ukae benchi la nyuma, meza ya Bwana usiisogelee. Na aliyekupa ile mimba? Alikaa benchi lake la siku zote, kanyoosha shati. Wazee walisema kwake hakuna ushahidi. Ebo! Wako ulikuwa unatembea mbele yako, sasa ulitaka wa kwake utembee wapi?

Halafu ikaja habari ya video. Kwaya isiyo na video siku zile haikuwa kwaya. Sauti ilikuwa tayari imerekodiwa, ni yako, nao hawakutaka kurudi Dar kurekodi upya. Wakaketi, wakaomba, wakapata jibu lao: atafutwe mtu wa kusimama mbele afungue mdomo. Wakampata Tabitha. Tabitha! Mpwa wa mwenyekiti, mzuri wa sura, mwanya mbele, na sauti ambayo mwalimu mwenyewe alikuwa anamwomba, "Wewe binti fungua mdomo tu, usitoe kitu, unatuharibia." Yaani walichukua yule yule. Tukaenda kwenye mawe ya ufukweni kule Ilemela, wakampandisha kwenye jiwe la juu kabisa, sauti yako ikafunguliwa kwenye spika, naye akawa anaimba. Mimi nilihoji. Nikaambiwa wewe mtoto nyamaza. Hadi leo ukiitazama ile video utaniona mstari wa pili, nimenuna kuliko wote, mwimbaji wa Injili mwenye sura ya mtu aliyeibiwa kuku.

Wimbo ukaruka. Unajua mwenyewe, ukipita Igoma kila kibanda kinaupiga. Watu wakasema Tabitha ana upako. Vyaelea vimeundwa, lakini nani aliuliza nani kaunda? Akawa anaitwa kila mkutano, kila semina, anakwenda na CD yake, baadaye flashi yake, anampa fundi mitambo, anashika kipaza sauti na kufungua mdomo. Na kwa sababu nusu ya waimbaji nchi hii wanaimba hivyo hivyo juu ya sauti zao walizorekodi, nani angeshuku?

Wewe ulijifungua, ukaitwa kurudishwa kundini. Nilikuwapo. Umesimama mbele na Kabula mgongoni, mzee akakusomea maneno ya kufuatisha, mpaka akafika pale pa "mtoto huyu ambaye ni tunda la dhambi yangu." Ukanyamaza. Akarudia. Ukasema, "Mzee, mimi nimekosa, natubu. Huyu simtubu." Ukashuka ngazi zile taratibu, ukapita katikati yetu, ukatoka, na hukurudi tena. Dada, nilikupenda siku ile kuliko siku zote. Nilitaka kupiga vigelegele, nikaogopa.

Kwa hiyo ukaimba nje. Uliimba kwenye misiba ya watu ambao kwaya haziendi. Uliimba na bendi ile ya hotelini kando ya ziwa, nyimbo za taratibu, wazungu wanakula samaki hawasikilizi. Uliimba Nansio, kisiwani Ukerewe, na pale tu ndipo walipokujua. Ulikuwa ukirudi na kivuko na magunia ya machungwa, unanigawia, unasema Wakerewe wana masikio. Ukajichanga ukatoa kaseti yako mwenyewe, na nyimbo zile mimi nilizishika chini kama zamani. Unakumbuka alichosema yule mwenye duka pale Igoma? Alisikiliza nusu ya upande wa kwanza, akakurudishia boksi zima. "Mama, unaimba vizuri, ila unamwiga mno Tabitha."

Unamwiga Tabitha!

Mimi nilitaka kumrukia. Wewe ukalibeba boksi lako kichwani, ukamshukuru, wabeja, tukaondoka. Njiani nikakuuliza kwa nini hukumwambia, ukanijibu jibu lako lile lile, "Pendo, wimbo ukishafika umefika. Sauti ni ya Mungu." Nimelichukia jibu hilo miaka yote. Sauti ya Mungu, sawa, lakini koo lilikuwa la nani? Nani alikuwa anapata homa ya koo kila mvua za masika, Mungu?

Sasa msiba. Presha ilipokuangusha, kaka yako Shija alikwenda kanisani kuomba. Akaambiwa marehemu hakuwahi kurudi kundini, kwa hiyo mchungaji hatavaa joho na kwaya haitaimba. Wanaweza kuja kama majirani. Wakaja kama majirani, wakala ubwabwa kama majirani. Shija ni mtu wa Geita, mambo ya kwaya hayajui, aliona aibu dada yake azikwe kimya kama mwizi. Akaulizia mjini mwimbaji mwenye jina. Akaelekezwa.

Dada Minza, kama huko mnaona, basi uliona. Gari likaja, spika zikashushwa chini ya mwembe wa baba yako, Tabitha akatoka na gauni jeusi na flashi mkononi. Nilimwona akiuliza jina la marehemu. Akaambiwa. Nilimwona uso ukibadilika, akageuka kama anataka kurudi kwenye gari, lakini Shija alikuwa ameshamshika mkono anamshukuru. Na fundi mitambo hakujua lolote, akabonyeza.

Ukaimba. Kwenye mazishi yako mwenyewe ukaimba, umelala kwenye jeneza na umesimama kwenye spika, na mdomo uliokuwa ukicheza pale ulikuwa wa Tabitha. Watu walilia kweli. Mama mmoja akasema, "Huyu dada ana karama, amemwimbia marehemu kama anamjua." Kabula akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Wanawake wawili wakamshika, mshikeni, majonzi hayo, mpeni maji. Nilipomfikia alikuwa ananing'ang'ania kanga, anasema, "Mama mdogo, ni mama huyo. Ni mama anaimba. Mwambieni anyamaze, ni mama." Hakuna aliyeelewa, walidhani amerukwa na akili. Mimi nilimkumbatia tu.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nauza nguo zangu za watoto pale Igoma, mteja ananiuliza bei, mimi namjibu kwa ukali hadi anaondoka. Barua ya jubilei ilipotolewa, kwamba Tabitha ataongoza "Miguu Imechoka" na sisi wakongwe tusimame nyuma yake tuitikie, nikasema hapana, leo ni leo. Nikafunga kibanda nikaenda kwake Ilemela, juu kule kwenye mawe. Nilikuwa nimeyapanga matusi yangu vizuri tangu stendi.

Akanifungulia mwenyewe. Amezeeka, dada. Akanipa soda, akakaa, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Najua ulichokuja nacho. Kila nikipanda jukwaani naogopa kukohoa." Nikamwambia si kikohozi kilichonileta. Nikamtolea yote, ya jiwe, ya kaseti, ya kaburini. Hakubisha hata moja. Halafu akaniambia jambo ambalo wewe, Minza, hukuwahi kuniambia.

Akasema mlikutana sokoni Igoma zamani, wimbo ukiwa bado wa moto. Akataka kukimbia, ukamwita. Akadhani utamtukana mbele za watu. Wewe ukamwambia, "Unapumua pabaya. Pale kabla ya 'miguu' mimi huvuta hewa kifuani, mabega yanapanda. Wewe unasimama kama mlingoti. Watu wa kwaya watakushtukia." Ukamwonyesha! Pale pale kati ya nyanya na dagaa ukamfundisha mahali pa kuvuta pumzi, akarudia hadi ukaridhika.

Nilisimama, soda ikamwagika kwenye zulia lake. Sikuwa na hasira naye tena wakati ule, hasira yote ilikugeukia wewe. Kwa nini? Nani alikupa ruhusa ya kuwa mwema kiasi kile? Mimi nakupigania, nagombana na watu, naonekana mkorofi wa kwaya nzima, kumbe mwenyewe ulishamkabidhi mwizi ufunguo na kumwonyesha na kitasa kinavyogeuka! Au hukuvumilia kusikia wimbo wako ukipumua vibaya? Hilo ndilo ninalolifikiria siku nyingine, kwamba ulikuwa fundi tu, na fundi hawezi kupita kazi yake imewekwa upande. Sijui. Ungekuwapo ningekuuliza, na ningekupigia kelele kwanza.

Nilimwambia Tabitha hivi: "Sikuombi usimame ukiri. Sikuombi utoe ushuhuda. Wewe maisha yako yote umeambiwa fungua mdomo. Siku ya jubilei, funga." Akanitazama. "Funga tu?" Nikamwambia funga tu. Hakuniahidi kitu. Alichukua tambara akaanza kufuta soda, nikaondoka bila kuaga.

Basi siku ikafika. Tumesimama wakongwe kwa sare mpya, Kabula amekaa viti vya wageni, kaja kwa sababu nilimsihi. Tabitha akatoka mbele, watu wakashangilia, flashi ikawekwa. Ubeti wa kwanza akafungua mdomo vizuri tu kama kawaida yake. Nikasema moyoni, haya, debe tupu haliachi kuvuma. Ubeti wa pili ukaja. Akafika pale, mabega yakapanda, akavuta ile pumzi uliyomfundisha.

Na akafunga mdomo.

Wewe ukaendelea. Dada, sauti yako iliendelea peke yake uwanja mzima, na yeye amesimama tu, midomo imebana, machozi yanatiririka, kipaza sauti amekishusha hadi kwenye paja. Watu wakaanza kugeuka. Wanatazama spika, wanatazamana, wanamtazama fundi. Mchungaji anampungia mkono, imba, imba. Sisi kwa mazoea tukaitikia, na niliposikia sauti yangu inaingia chini ya sauti yako kama zamani, miguu ilinitoka mstarini yenyewe. Nikaenda nikamchukulia Tabitha kipaza sauti. Nikasema, "Anayeimba ni Minza. Aliimba na mimba ya binti yule pale. Mlimtenga, mkabaki na sauti yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Wimbo ulikuwa bado unaendelea, nikakaa kimya wakusikilize hadi mwisho. Wakasikiliza. Kabula alikuwa amesimama juu ya kiti.

Ungedhani basi, nimeshinda, nimepoa. Thubutu! Unajua walichoniambia akina mama baadaye, wakati wa chakula? Mmoja baada ya mwingine wananishika mkono wananong'ona, "Tulijua, mwanangu. Tulijua siku zote." Walijua! Walipokaa pale Kisesa wanakula wali wako, walijua. Walipomtunza Tabitha kanga, walijua. Nilikuwa na hasira na watu waliodanganywa, kumbe hapakuwa na aliyedanganywa isipokuwa Shija na yule fundi. Sahani niliiweka chini, sikula.

Lakini pia nikuambie hili, maana ni haki yako. Watu wa Nansio hawakunong'ona. Walikuja kwa kundi kwa Kabula, wakamwamkia, wakamwambia mama yako aliimba kwetu, tunataka jina lake liandikwe kwenye wimbo. Na Kabula kwa mara ya kwanza tangu tukuzike alicheka. Anacheka kama wewe, kichwa nyuma. Akiosha vyombo anaimba, na ile mikunjo yako anayo, sijui kaitoa wapi maana hukuwahi kumfundisha. Akinisikia nakuja ananyamaza.

Tabitha hajatoka nyumbani tangu siku ile. Wanamtukana kwenye simu. Nimempelekea samaki. Usiniulize kwa nini, nimejiuliza na mimi.

Sasa la mwisho. Jumapili hii nimeitwa mbele ya wazee kwa kuvuruga ibada. Nimeshapewa habari za chini chini: nisimame mbele ya watu, nitubu, mambo yaishe, au nitengwe. Mume wangu anasema nitubu tu, maneno ni maneno. Mama yangu ni mzee, ameniuliza nikifa nitazikwa na nani. Ninaogopa, dada, sikufichi. Mimi nimekulia kwenye kwaya ile, sijui Jumapili nyingine.

Nitakwenda. Nitavaa sare yangu, na wakinisomea maneno ya kufuatisha nitafuatisha: ulimi mkali, ndiyo, kiburi, ndiyo, hasira, hiyo ndiyo kabisa. Ninazo dhambi za kuwatosha mpaka mchana. Wakifika kwenye jina lako nitafunga mdomo, na wafanye watakalo.

Pumzika, Minza wangu, dada yangu, mwalimu wangu mbishi wa kimya. Naendelea kukukasirikia na sijui nitaacha lini. Nakuahidi hili moja: nikitengwa, sitarudi nyuma kuomba kwaya wala joho. Siku yangu ikifika nitaletwa kimya kimya, na Kabula atasimama aniimbie kwa koo lake mwenyewe, na anayetaka kujua karithi kwa nani, ataambiwa.

Mdogo wako,
Pendo